Shajara ya jukwaa la boksi: maisha ya Ivan Bilibin katika mapazia sita

8 Februari 2025

Jana imetimia miaka 83 tangu mchoraji wa Kirusi Ivan Yakovlevich Bilibin afariki Leningrad, na leo naanza kazi niliyoiahirisha tangu mwaka juzi. Nataka kujenga jukwaa la boksi la kuweka juu ya meza, lenye mapazia sita ya nyuma yanayobadilishwa, kila pazia sehemu moja ya maisha yake. Watakaolichezesha ni watoto wa darasa la kuchora la Jumamosi hapa Temeke. Naandika hatua zote, gharama zote na makosa yote, ili mwalimu mwingine akitaka kulijenga asianzie nilipoanzia mimi.

Kwa nini jukwaa, na si mabango ya ukutani? Kwa sababu Bilibin alikuwa na kazi mbili zisizotengana. Alichora vitabu vya ngano za Kirusi, na alibuni mandhari na maleba ya opera. Ukiwaonyesha watoto kurasa zake tu, umewapa nusu ya mtu.

Maisha yake ya mwanzo nayapitia haraka. Alizaliwa mwaka 1876 Tarkhovka, karibu na St. Petersburg, baba yake akiwa daktari wa jeshi la majini. Alisoma sheria chuo kikuu huku akijifunza kuchora. Mwaka 1898 alikaa miezi miwili Munich kwenye karakana ya Anton Ažbe, akarudi nyumbani na kuingia shule ya Maria Tenisheva, alikofundishwa na mchoraji Ilya Repin. Kiangazi cha 1899 alikwenda kijiji cha Yegny, mkoa wa Tver. Pale, kijana wa mjini aliona msitu mnene na nyumba za magogo kwa macho yake, akaanza kuchora ngano. Kazi hiyo ilichukuliwa na kiwanda cha serikali kilichokuwa kikichapa noti za fedha. Kati ya 1901 na 1903 vikatoka vijitabu vyembamba vyenye kurasa pana: Ivan na ndege wa moto, binti mfalme aliyekuwa chura, Vasilisa mrembo, Marya Morevna na vinginevyo. Fikiria mashine na mafundi wa noti wakichapa picha za watoto. Ndiyo maana rangi zile zilitoka safi namna ile.

Sasa kosa la kwanza. Niliangalia mistari yake myeusi nikaamua, bila kuchunguza, kwamba ni ya kalamu ya nibu. Nikanunua kalamu tatu Kariakoo kwa 12,000, wino chupa moja 8,000, na manila kumi kwa 5,000. Siku nzima nimechora miti, na miti yote imetoka kama imekwaruzwa na paka. Mstari unaanza mnene, unakonda, unakatika. Wa Bilibin hauko hivyo. Wake una unene ule ule kwenye kona na kwenye mbinuko, kama waya uliokunjwa. Na manila, ikiguswa na rangi ya maji, inajikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango.

Jumla hadi leo: shilingi 25,000. Kilichobaki cha kufaa ni karatasi za mazoezi tu.

22 Februari 2025

Nimeelewa sasa. Bilibin hakutumia kalamu kwenye mistari ile. Alitumia brashi ya manyoya ya kolinski, mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche, na ncha ya brashi aliikata mshazari ili ifanye kazi kama patasi ya mchonga mbao. Mkono wake ulikuwa mtulivu kiasi kwamba wasanii wenzake walimwita Ivan Mkono wa Chuma.

Kolinski sikuipata, nimetumia brashi mbili za nywele laini za bandia, 6,000 kila moja. Anayefuata asikate kwa mkasi, kwa sababu mkasi unasukuma nywele pembeni na ncha inatoka na meno. Lowesha brashi, ibane nywele kwa vidole ziwe bapa, ilaze juu ya kibao, kisha kata mara moja kwa wembe mpya, ukiondoa milimita mbili tu upande mmoja. Brashi ya kwanza nimeiharibu kwa kukata nyingi mno, ya pili imekaa sawa. Shika wima, mkono wote utembee kutoka begani, vidole visicheze. Baada ya saa tatu za mistari mitupu nimepata mmoja ambao sikuuonea haya.

Mpangilio wake wa kazi nimeufuata hivi: mchoro wa penseli kwenye karatasi nyepesi inayoonyesha, kisha kuuhamishia kwenye karatasi nzito na safi, kisha wino, na rangi ya maji mwisho kabisa, kila eneo rangi moja iliyotulia. Karatasi nzito sita zimegharimu 21,000 na rangi 18,000. Hapo nikakutana na kosa jingine. Wino wangu wa 8,000 haukuwa wa kudumu. Nilipopitisha bluu ya anga, mistari yote ya msitu iliyeyuka na anga ikageuka matope. Karatasi nzito moja imekwenda. Nimenunua wino mwingine usioyeyuka, 11,000. Kabla ya kununua, omba tone, lipake kwenye karatasi, subiri likauke, kisha pitisha kidole chenye maji. Ungeniambia hivyo wiki mbili zilizopita ningekushukuru sana.

Pazia la kwanza litakuwa Baba Yaga, mchawi wa msituni aliyemchora mwaka 1900 kwa ajili ya Vasilisa. Nimewaonyesha watoto picha yenyewe. Mzee yule anaruka ndani ya kinu, mkononi ameshika mchi na ufagio. Darasa lilisimama. Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, huyu bibi anatwanga nini huko angani?" Nikamjibu kwamba mchi ndio kasia lake, anauendeshea kinu, na ufagio ni wa kufutia nyayo. Sikuwa na haja ya kueleza zaidi. Watoto hawa kinu wanakijua, wamekikuta nyumbani kwa bibi zao, na ghafla msitu wa Tver haukuwa mbali.

Jumla hadi leo: 87,000.

15 Machi 2025

Ni Ramadhani, kwa hiyo darasa tunalifanya asubuhi na kulimaliza mapema. Kazi ya boksi nimeifanya na fundi seremala wa mtaa wetu. Boksi la nje ni la televisheni, tumeliomba dukani bure, tukaliimarisha kwa mbao nyembamba (12,000) na gundi (5,000). Ufundi 15,000. Upana sentimita 90, kimo 60, kina 45. Mdomo wa mbele, yaani dirisha ambalo watazamaji wanaona, ni 70 kwa 45. Juu tumekata mifereji sita, kila pazia linaning'inia kwenye fito yake na kushushwa kutoka juu. Mimi nilitaka mapazia yaingie kwa pembeni. Mzee fundi akasema, "Mwalimu, ukiingiza kwa pembeni mkono wako utaonekana kila mara. Shusha kutoka juu kama chandarua." Alikuwa sahihi.

Marekebisho ya shajara. Kwenye kibao cha utangulizi mtoto mmoja aliandika kwamba Bilibin alizaliwa 4 Agosti, mwingine akaandika 16 Agosti, na kila mmoja alikuwa na pa kuonyesha. Niliwaambia wafute moja, nikachagua vibaya, kisha ikabidi nirudi kuwaomba radhi, maana wote wawili walikuwa sahihi. Urusi ilitumia kalenda ya zamani hadi 1918, na katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12. Katika karne ya 20 tofauti ikawa siku 13. Sasa kibao kinaandika tarehe mpya tu, na chini yake mstari mmoja unaeleza sababu. Ukijenga jukwaa hili, chagua kalenda moja kabla hujagusa brashi.

Pazia la pili ni Kaskazini. Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona chanzo cha nguvu zake zote. Kati ya 1902 na 1904 idara ya utamaduni wa watu ya makumbusho ya Kirusi ya St. Petersburg ilimtuma Bilibin kwenye mikoa ya kaskazini: Vologda, Arkhangelsk, Olonets. Alisafiri vijijini akipiga picha makanisa ya mbao, akikusanya taraza, nguo za kale na vyombo vya kuchongwa. Mwaka 1904 aliandika makala kuhusu sanaa za watu wa kaskazini katika Mir iskusstva (Ulimwengu wa Sanaa), jarida la kundi lake la wasanii. Linganisha picha zake za kabla na za baada. Za 1901 ni nzuri, lakini nguo ndani yake ni nguo za ngano kwa jumla. Katika Hadithi ya Mfalme Saltan ya 1905, kila mkono wa gauni una taraza inayotoka mahali fulani, kila dirisha lina fundi wake. Mtu alikwenda akaona, akashika, akarudi.

Watoto nimewapa kazi inayofanana na hiyo: kila mmoja alete kanga moja kutoka nyumbani na achore pindo lake kabla ya kuchora kitu kingine chochote. Nilichagua kanga kwa sababu ya kosa tulilokuwa tumelifanya wiki iliyopita. Ili picha za mazoezi zitoshee ubao, tuliwaruhusu wakate fremu za pambo zinazozunguka kurasa za Bilibin. Picha zilizobaki zilionekana kama zimevuliwa nguo. Sikujua niwaelezeje, mpaka mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliziona ukutani akasema, "Mbona mmekata pindo, mkaacha mji peke yake?" Hakuna aliyenieleza Bilibin vizuri kuliko yeye. Ukurasa wake una pindo, una mji, na mara nyingi una jina lililoandikwa kwa herufi za kale. Ukiondoa kimoja, si kanga tena, ni kitambaa tu.

Na pindo lake halikuwa la urembo pekee. Mwaka 1906, baada ya mapinduzi yaliyoshindwa ya 1905, alichora punda katika jarida la kejeli la Zhupel. Punda mwenyewe ni punda wa kawaida, amechorwa kwa heshima kama katika kitabu cha wanyama, na chini yake imeandikwa kwamba ni moja ya ishirini ya ukubwa wake halisi. Lakini fremu inayomzunguka imejengwa kwa alama za ufalme wa Tsar. Pindo ndilo lililosema. Jarida lilifungwa na Bilibin akakamatwa.

Tumerudisha mapindo yote.

Jumla hadi leo: 119,000.

12 Aprili 2025

Mwezi mgumu. Masika imeingia, chumba kina unyevu, na pazia la tatu limenishinda mara mbili.

Pazia hili ni Moscow, 1909. Baada ya kubuni maleba ya Boris Godunov kwa maonyesho yaliyoandaliwa na Mrusi Diaghilev huko Paris mwaka 1908, Bilibin alipewa mandhari ya opera ya Jogoo wa Dhahabu ya mtunzi Rimsky-Korsakov katika kampuni ya opera ya Zimin. Ngano yenyewe ni ya Mfalme Dodon, mvivu anayependa kulala, aliyepewa na mnajimu jogoo wa kumwonya adui akikaribia. Mfalme aliahidi malipo, akavunja ahadi, na jogoo akamdonoa kichwani akafa. Urusi ilikuwa imetoka kushindwa vitani na Japani, kwa hiyo mfalme mzembe jukwaani hakuwachekesha wakaguzi wa serikali. Opera ilicheleweshwa, mtunzi akafariki mwaka 1908 bila kuiona. Ilionyeshwa mara ya kwanza 7 Oktoba 1909, mandhari yakiwa ya Bilibin.

Alikuwa amekwisha kuchora ngano hiyo hiyo kwa ajili ya kitabu kilichotoka 1907. Nikawaza: kuna ukurasa tayari, tuukuze tu. Nikachapisha ukurasa mmoja kwa ukubwa wa pazia, 24,000. Tukaushusha ndani ya boksi, watoto wakakaa mita tatu mbele yake. Kimya. Mmoja akauliza kama ni zulia. Mistari yote myembamba ilikuwa imepotea, pindo limekuwa uji wa nyekundu na kijani, na mfalme hakuonekana yuko wapi. Kitabu unakishika mkononi, jicho linatembea juu yake taratibu. Jukwaa unalitazama mara moja, kutoka mbali, na mbele yake kuna watu wanaosogea.

Nilikaa siku mbili na michoro yake ya jukwaani nikilinganisha na kurasa. Nilichokiona ndicho kilichookoa mradi. Kurasa za Bilibin zimekwisha kujengwa kama jukwaa: kuna kitu cha mbele, kigogo cha mti au mlango, kuna watu katikati, na nyuma kuna mji au msitu, kila tabaka bapa na limetengwa na jirani yake kwa mstari mweusi. Kwa hiyo hukuzi ukurasa. Unaufungua tabaka kwa tabaka. Pindo tumelitoa kwenye pazia na kulipaka kwenye mdomo wa boksi wenyewe, likawa fremu ya kudumu ya mapazia yote sita. Vitu vya mbele tumevikata kwa karatasi ngumu na kuvisimamisha pembeni. Pazia la nyuma limebaki na rangi tatu tu: minara ya ikulu ya Dodon, anga ya njano, na mistari minene ya milimita nne, si moja. Maelezo madogo nimeyapunguza hadi theluthi moja. Nilipofuta taraza za mwisho moyo uliniuma, lakini kutoka mita tatu ndipo ikulu ilipoonekana.

Kitambaa cha mapazia ni marekani, mita tatu kwa 12,000, kila pazia likichukua nusu mita. Paka kwanza mkono mmoja mwepesi wa rangi ya maji ya ukutani (10,000), la sivyo rangi inatambaa kwenye nyuzi na mstari unaota ndevu. Mimi niliipaka nzito, mvua ikanyesha siku nne, na pazia mbili zikaota madoa ya ukungu. Nimezifua, nimezianika juu ya feni, nimeanza upya. Mkono mwepesi, feni usiku kucha, usikunje.

Jumla hadi leo: 165,000.

10 Mei 2025

Pazia la nne ndilo watoto walilolisubiri, maana Bilibin anafika Afrika.

Alipitaje hadi huku? Mwaka 1917, Tsar alipoondolewa, Serikali ya Muda ya Urusi ilitumia kama nembo tai wa vichwa viwili aliyemchora yeye, asiye na taji. Mwaka huo huo aliondoka mji mkuu akaenda Crimea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomfikia, alisukumwa hadi bandari ya Novorossiysk, na mwanzoni mwa 1920 akapanda meli iitwayo Saratov iliyojaa wakimbizi, ikamshusha Misri. Aliwekwa kwanza katika kambi ya Tel el-Kebir, kisha akaingia Cairo. Mtu aliyekuwa na jina St. Petersburg, sasa mkimbizi mwenye umri wa miaka 43, anatafuta kazi katika mji asioujua lugha yake.

Mchoro wangu wa kwanza wa pazia hili ulikuwa piramidi tatu na ngamia. Niliumaliza, nikaupaka rangi, na siku ya kuushusha nikaona haya mbele ya watoto. Si kwamba Bilibin hakuzichora piramidi, alizichora. Lakini pazia lile halikusema chochote kuhusu maisha yake pale. Lingeweza kuwa kalenda ya duka. Nilikuwa nawaambia watoto kila wiki kwamba mtu huyu alikwenda akaangalia vitu vyenyewe, na mimi nimechora kile ambacho kila mtu anakidhani kabla ya kuangalia. Nimelipaka jeupe lote.

Pazia jipya ni karakana yake ya Cairo. Mfanyabiashara tajiri wa Kigiriki alikuwa amemwagiza michoro mikubwa ya mtindo wa Bizanti, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Katika pazia ubao mkubwa umeegemea ukuta, umechorwa nusu, na dirishani kuna mtaa mwembamba na mnara wa msikiti. Alichora mitaa na misikiti ya mji huo, na kwa mtu aliyekulia katika mapambo ni rahisi kuelewa kwa nini. Mwaka 1923 aliungana tena na Aleksandra Shchekatikhina-Pototskaya, msanii aliyekuwa mwanafunzi wake zamani, wakaoana huko huko Cairo. Mwaka uliofuata walihamia Alexandria. Agosti 1925 waliondoka kwenda Paris. Jumla miaka mitano Misri, na watu wengi wanaosimulia habari zake wanaipitia kwa sentensi moja.

Ukuta wa karakana nilitaka kuujaza nakshi za milango ya Zanzibar. Nimejizuia. Cairo ni Cairo. Nakshi za Zanzibar watoto watazichora katika kazi yao wenyewe.

Hakuna gharama mpya mwezi huu, isipokuwa muda.

7 Juni 2025

Pazia la tano, Paris, nimelimaliza kwa siku mbili kwa kufuata kanuni za Aprili, kwa hiyo sina la kueleza sana. Linaonyesha jukwaa ndani ya jukwaa: Théâtre des Champs-Élysées, ambako mwaka 1929 opera ya Mfalme Saltan ilichezwa kwa mandhari yake. Alibuni pia kwa ajili ya Buenos Aires, na alipamba ubalozi wa Kisovieti wa Paris kwa picha ya Mikula Selyaninovich, mkulima shujaa wa tenzi za Kirusi. Mwaka 1936 alirudi nyumbani, na mji ule ule wa St. Petersburg, aliouacha ukiitwa Petrograd, ulikuwa unaitwa Leningrad. Akawa profesa katika Chuo cha Sanaa, akarudi tena kwa Mfalme Saltan, safari hii katika ukumbi wa Kirov.

Pazia la sita limechukua wiki tatu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kuandika na kufuta. Leningrad ilizingirwa na jeshi la Ujerumani Septemba 1941. Bilibin hakuondoka. Alihamia chini ya jengo la Chuo cha Sanaa pamoja na wengine waliobaki, akiendelea kuchora michoro ya utenzi wa Dyuk Stepanovich katika baridi na njaa. Tarehe 7 Februari 1942 alifariki, akiwa na miaka 65, akazikwa katika kaburi la pamoja na watu wa Chuo, karibu na makaburi ya Smolensk.

Maelezo yangu ya kwanza ya sehemu hii yalikuwa marefu na ya kutisha. Niliyasoma darasani, mtoto mmoja mdogo akaacha kuchora na kuomba kwenda nyumbani. Nilikosea kuyaleta bila kuwapima. Sasa maneno ni matatu tu: "Mji umefungwa. Anachora." Na pazia lenyewe nimeliacha na wino mtupu, bila rangi hata tone. Mistari ya brashi juu ya kitambaa cheupe: dari ya chini, meza, taa, mkono wenye brashi, karatasi yenye farasi ambaye hajapakwa.

Taa zimenipa shida. Nimenunua taa za LED (9,000), betri (4,000) na karatasi za plastiki za rangi (3,000). Bluu niliyoitaka kwa Leningrad iliimeza mistari yote, pazia likawa giza tupu. Nimeondoa bluu, nikaweka balbu moja ya njano hafifu chini upande wa kushoto, mahali taa ya kwenye mchoro ilipo. Kivuli cha fito kilianguka juu ya mkono, nikashusha balbu sentimita tano. Basi.

Jumla hadi leo: 181,000.

28 Juni 2025

Limechezwa leo, asubuhi, watu arobaini na kidogo, wengi wao wazazi. Dakika 25. Pazia la pili lilikwama kwenye mfereji kwa sababu fito imejipinda na unyevu. Paka mafuta ya mshumaa kwenye mifereji yote kabla ya onyesho. Jogoo wa Dhahabu alipomdonoa Dodon ukumbi ulipiga kelele. Kwenye pazia la nne mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini aliuliza jina la meli tena, akalirudia taratibu: Saratov. Kwenye la sita hakuna aliyesema kitu mpaka mtoto wa zamu alipozima balbu.

Gharama yote ni 181,000. Ndani yake, 49,000 zimepotea kwa makosa yangu: kalamu, manila, wino wa kwanza, na ule ukurasa uliokuzwa. Akifuata shajara hii tangu mwanzo, mtu atajenga kwa 132,000, akipata boksi la bure.

Jumatatu jukwaa linakwenda Tanga kwa basi, mwalimu mwenzangu ameliomba kwa muhula ujao. Mapazia nimeyaviringisha, sijayakunja. Brashi iliyokatwa nimeiweka ndani ya mrija wa karatasi, imefungwa juu ya fito la pazia la kwanza. Dada, usiikate tena ncha yake. Imekwisha kukaa.